Jeli kwenye kidonda cha kisukari: je, haitauozesha mguu wa baba?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63 na anaishi na kisukari mwaka wa kumi na moja sasa. Alikuwa mvuvi, siku hizi anashinda nyumbani. Miezi miwili iliyopita alitoka kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kulia, chini ya kidole gumba, ukubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Hakimuumi kabisa. Tulikuwa tunakisafisha kwa spiriti na kukinyunyizia unga wa kapsuli za rangi mbili ili kikauke. Wiki iliyopita nesi wa kliniki ya kisukari alitukataza, akatupa tyubu ya jeli kama maji mazito, akasema tuipake kidondani kisha tufunike. Sasa kidonda kinalowa muda wote na kina utando wa njano. Mjomba amekuja juu: anasema kidonda hukaushwa, hakilowekwi, na tukiendelea hivi baba atakatwa mguu. Jirani naye anasema jeli ni jeli, tupake mshubiri au asali tusipoteze hela. Kingine, baba amebadilishiwa dawa yake ya kisukari, metformin, anapewa ile ya kumeza mara moja jioni. Siku tatu hizi anakiona kidonge chooni kikiwa kizima, kimevimba. Ina maana dawa haiingii mwilini? Nikisage nikichanganye kwenye uji? Na kuna mtu kaniambia siku hizi ipo jeli ya insulini isiyohitaji sindano. Ni kweli?"*

Marahaba, binti yangu. Umeniuliza kama mambo manne, lakini kitu kinachozungumzwa ni kimoja. Jeli aliyowapa nesi na kile kidonge kilichovimba chooni ni ndugu wa tumbo moja. Ukielewa jinsi jeli ya maji inavyofanya kazi, utaweza kumjibu mjomba, jirani na huyo wa jeli ya insulini bila kunisubiri mimi.

Nitoe kwanza majibu mafupi ili nyumba itulie. Nesi hakukosea. Jeli haiozeshi kidonda, na utando wa njano si lazima uwe usaha. Kidonge msikisage. Jeli ya insulini ya kupaka haipo, na anayeiuza anauza maji. Lakini mjomba naye msimpuuze, kwa sababu kuna mahali anasema kweli, na mahali hapo ni pa hatari.

Hofu ya kulowa naielewa. Wengi wetu tumelelewa tukiona kidonda kinaanikwa juani, kinapakwa dawa ya buluu, kinanyunyiziwa unga mpaka kifanye kigaga kigumu, ndipo watu wanapumua: "kimekauka, kimepona." Hata hospitalini tulifundishwa hivyo kwa muda mrefu. Kilichotikisa imani hiyo ni kazi ya mtafiti wa Uingereza, George Winter, mwaka 1962. Alichukua nguruwe wadogo, akawafanyia majeraha mepesi ya ngozi. Mengine akayaacha wazi yafanye kigaga, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba yabaki na unyevu wake. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili ya yale ya wazi.

Sababu yake ni hii. Ngozi mpya haishuki kutoka juu. Chembechembe zake hutambaa kutoka kingo za kidonda kuelekea katikati, na zinatambaa juu ya nyama yenye unyevu tu. Palipo na kigaga kikavu, zinalazimika kuchimba njia chini yake hadi zikute maji. Kwa hiyo kile tulichokuwa tukikishangilia kama dalili ya kupona kilikuwa kizuizi njiani. Spiriti nayo haichagui: inaua vijidudu, na inaua pia hizo chembechembe changa zinazotambaa. Kinachoozesha mguu ni vijidudu vilivyoingia ndani na damu isiyofika. Unyevu safi peke yake hauozeshi.

Sasa hiyo jeli yenyewe. Umekula mlenda, umekata bamia. Ule uteute unaovutika ni nyuzi ndefu sana za sukari zilizoungana, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haizioni, na kila uzi umeshikilia maji. Nyuzi za mlenda zimelala ovyo tu, ndiyo maana unatiririka. Ukizifunga nyuzi za namna hiyo zenyewe kwa zenyewe, hapa fundo na pale fundo, unapata wavu ulionasa maji ndani yake. Halua yetu ya Pwani inakaa kwenye sinia bila kumwagika kwa sababu hiyohiyo, wanga wake umejifunga wavu. Kitaalamu kitu cha namna hii huitwa haidrojeli: nyuzi za polima zinazopenda maji, zimefungwa zisiyeyuke.

Kama una mtoto mdogo nyumbani, fanya jaribio hili mezani. Chana pampasi mpya, kung'uta ule unga mweupe uliofichwa kwenye pamba, weka kijiko kimoja kwenye bakuli, kisha mimina maji taratibu. Utaona punje zinavimba mbele ya macho yako mpaka bakuli linajaa kitu kama sago iliyopikwa, na ukiinamisha bakuli haimwagiki. Sasa nyunyizia chumvi kijiko kimoja, ukoroge. Jeli inalegea, inanywea, inatema maji. Unga ule ni sodiamu poliakrilati. Wavu wake una chaji za umeme zinazosukumana, ndiyo maana unatanuka na kuvuta maji. Chumvi ikiingia, inazituliza zile chaji, wavu unasinyaa. Kwenye maji safi unaweza kunywa mara mamia ya uzito wake, kwenye maji ya chumvi kama mkojo ni mara makumi tu. Ninakuonyesha hili kwa sababu moja: jeli ina tabia, inajibu mazingira yake, na watengeneza dawa wanaitumia tabia hiyo. (Unga huo usiende kidondani hata kwa utani, na usimwachie mtoto akauweka mdomoni. Ukishamaliza, tupa.)

Jeli ya kidonda ni tofauti na ya pampasi kwa jambo moja kubwa. Ya pampasi ni kavu, kazi yake kunyonya. Ya kidonda imekuja tayari imeshiba. Mara nyingi asilimia 70 hadi 90 yake ni maji, yameshikwa na polima ya jamii ya selulosi au nyingine inayofanana nayo. Kazi yake ni kutoa maji kwa kilichokauka, na kunyonya kidogo tu pale palipozidi. Hakuna dawa ya kuua vijidudu ndani yake, isipokuwa kama boksi limesema hivyo. Wengine wakisikia hivyo wanavunjika moyo, "kumbe tumenunua maji?" Ndiyo, kwa sehemu kubwa mmenunua maji, ila ni maji safi yasiyo na vijidudu, yanayokaa pale ulipoyaweka bila kutiririka.

Vitu hivi si vigeni mwilini, nikutoe wasiwasi. Otto Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím, wanakemia wa Chekoslovakia ya zamani, waliandika mwaka 1960 kuhusu jeli zinazoweza kukaa na mwili wa binadamu bila kugombana nao. Krismasi ya 1961 Wichterle, akiwa nyumbani kwake Prague, aliunda mashine kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kujenga na dinamo ya baiskeli, akaitumia kutengeneza lenzi laini za kwanza za kuvaa ndani ya jicho. Mamilioni ya watu wanaamka kila siku wakibandika haidrojeli kwenye mboni ya jicho. Kama jicho linaivumilia, unyayo nao utaivumilia.

Turudi kwenye ule utando wa njano uliokutisha. Kidonda cha miezi miwili kilichokuwa kikinyunyiziwa unga na spiriti kina nyama iliyokufa, imekauka na kung'ang'ania chini. Mwili una vimeng'enya vyake vya kumeng'enya uchafu huo, ila vinahitaji maji ili vifanye kazi. Jeli imeleta maji. Kilichokuwa kigaga kigumu sasa kinalainika, kinakuwa njano, kinateleza, na siku chache zijazo kitaanza kujibandua chenyewe bila kisu. Ndiyo maana familia nyingi huacha jeli wiki ya kwanza, pale tu inapoanza kazi: kidonda kinaonekana kibaya kuliko jana, na kinaweza hata kuonekana kipana zaidi, kwa sababu sasa mnaona ukubwa wake halisi.

Siku ya kubadilisha fanya hivi. Nawa mikono. Fungua bendeji, usiharakishe kusema kinanuka, kwa sababu jeli iliyokaa siku mbili na nyama iliyolainika lazima itoe harufu kidogo. Suuza kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kama hayapo, maji yaliyochemshwa yakapoa. Futa taratibu kwa gozi. Sasa ndipo unuse na uangalie. Kama harufu imeondoka na maji, hiyo ni kawaida. Kama bado inanuka baada ya kuoshwa, mpigie nesi. Angalia ngozi ya pembeni: ikiwa nyeupe na imenyauka kama vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi, maji yamezidi, jeli ipungue au ibadilishwe mara nyingi zaidi. Weka jeli ndani ya kidonda tu, unene kama nusu sentimita, isipande kwenye ngozi nzima. Funika kwa gozi, funga bendeji isiyobana. Kwa kawaida hubadilishwa kila siku moja hadi tatu. Fuata alivyosema nesi aliyekiona kidonda.

Sasa haki ya mjomba. Kuna vidonda ambavyo jeli haitakiwi kabisa. Kama kidole au kisigino kimekuwa cheusi, kikavu, kigumu kama ganda la nazi, na damu haifiki vizuri mguuni, pale hukaushwa na huachwa kikavu mpaka daktari wa upasuaji akione. Ukikilowesha, unageuza uozo mkavu uliotulia kuwa uozo wa maji unaokimbia, na hapo ndipo watu hupoteza mguu. Vilevile kidonda kinachotiririka sana hakihitaji maji zaidi, kinahitaji kitambaa cha kunyonya. Na kidonda chenye maambukizi makali hakifunikwi na jeli mkasubiri kwa siku tatu. Hofu ya mjomba inatokana na vidonda vya namna hiyo, na kuna uwezekano alishawahi kukiona kimoja. Mwambie nimesema yuko sahihi kwa vile, ila cha baba, kwa ulivyokieleza, si cha aina hiyo. Kwa ulivyokieleza tu, mimi sijakiona.

Kuhusu nguvu ya jeli, nisikupambe. Mwaka 2013 jopo la Cochrane, kundi la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, lilikusanya tafiti za jeli za maji kwenye vidonda vya miguu vya kisukari, zikapatikana tano zenye wagonjwa 446. Vilivyopakwa jeli vilipona zaidi kuliko vilivyofungwa gozi la kawaida, lakini tafiti zilikuwa ndogo na zenye kasoro, hivyo waandishi wenyewe walisita kutangaza ushindi. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kama tyubu inawashinda bei, hamjamwangusha baba. Gozi lililoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, likakamuliwa, likabadilishwa kabla halijakauka na kunata, linafanya kazi ileile kwa shida zaidi. Tofauti ni kwamba mtalibadilisha kila siku, pengine mara mbili kwa siku, wakati jeli inawapa nafasi ya kupumua.

Jirani naye ana nusu ya ukweli. Utomvu wa ndani wa jani la mshubiri kweli ni jeli ya maji, na Mungu ndiye aliyeifunga wavu wake. Lakini jani limetoka shambani, lina vijidudu vya udongo, na ule utomvu wa njano karibu na ganda unawasha. Kwa mkwaruzo wa mtu mzima mwenye afya, sitagombana na mtu. Kwa unyayo wa mtu wa kisukari, hapana. Asali ya sokoni vivyo hivyo: inaweza kuwa na mbegu za bakteria, na mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, ule wa kikundi cha IWGDF, unashauri isitumike kwa lengo la kuponyesha vidonda hivi. Na unga wa kapsuli za rangi mbili muuache leo. Antibayotiki inayohitajika kwa kidonda chenye maambukizi hupitia mdomoni au kwenye mshipa ili iifikie nyama ya ndani. Ikinyunyizwa juu inatengeneza tope, inaleta mzio, na inawafundisha bakteria kuizoea.

Lakini kuna sentensi moja katika barua yako iliyonishtua kuliko jeli, utando na mjomba: "Hakimuumi kabisa." Kidonda cha ukubwa huo, mahali ambapo uzito wote wa mwili unakanyaga, kinapaswa kumfanya mtu achechemee na kupiga kelele. Baba haoni maumivu kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi. Kwa hiyo anatembea. Kila hatua anabonyeza kidonda, kila hatua inafuta kile kilichoota usiku. Niliwahi kumpokea fundi cherehani aliyetembea siku mbili na kizibo cha soda ndani ya kiatu. Alikuja kwa sababu soksi ililowa damu, si kwa sababu alisikia kitu. Hakuna jeli, hata ya dhahabu, itakayoshinda uzito wa mtu anayekanyaga kidonda mara elfu kwa siku.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kidonda hiki ni kukiondolea uzito, na jeli inakuja nyuma. Kiatu maalumu kirefu au plasta ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika, ambayo hufungwa kuanzia chini ya goti na kuusambaza uzito mguu mzima, ndiyo njia bora inayojulikana, ilimradi damu inafika vizuri na hakuna maambukizi makali. Si kila hospitali inayo. Isipokuwepo, muulizeni nesi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu sandali yenye sponji iliyokatwa tundu chini ya kidonda, na magongo. Nyumbani, apunguze safari. Ndoo ya maji isogezwe karibu, kiti kiwekwe bafuni. Asitembee peku hata ndani, hata kwenda msalani usiku. Kama ni mtu wa swala tano, bendeji haihitaji kulowa kila anapotawadha. Kupangusa juu yake ni ruhusa inayojulikana, muulizeni imamu wenu awaeleze namna yake.

Sasa kidonge cha chooni, na hapa nitamwomba baba atusaidie kwa ujuzi wake. Muulize: ukiutega wavu wa changu, dagaa wanafanyaje? Atakwambia wanapita wote kama hakuna kitu. Akitaka dagaa, anachukua wavu wa matundu madogo. Haidrojeli nayo ina matundu, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua dawa ipi ipite haraka, ipi ikawie, ipi inaswe kabisa mpaka wavu wenyewe uchakae.

Angalieni boksi la hiyo metformin mpya. Nadhani mtakuta herufi XR au SR. Kidonge cha aina hiyo kimejaa polima kavu ya selulosi iliyochanganywa na dawa. Kikifika tumboni, ngozi yake ya nje inakunywa maji na kugeuka jeli nene, kama uji ulioshika sufuria. Ndani bado kukavu. Maji yanapenya taratibu, dawa inayeyuka taratibu, inapita kwenye jeli taratibu. Metformin ya kawaida hufikia kilele chake kwenye damu baada ya saa mbili na nusu hivi. Hii ya jeli huchukua kama saa saba. Ndiyo maana dozi moja na chakula cha jioni inatosha, na tumbo linasumbuliwa kidogo. Chakula nacho kina kazi yake: kinalichelewesha donge la jeli tumboni, karibu na mahali ambapo utumbo huipokea metformin. Kwa hiyo asimeze akiwa na njaa.

Anachokiona baba chooni ni ule wavu mtupu. Dagaa wameshapita. Polima ya selulosi haimeng'enywi na mwili wa binadamu, hivyo donge laini lililovimba, lenye umbo la kidonge, hutoka kama lilivyo. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo na huandika kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Kipimo cha kama dawa inaingia ni sukari ya damu, si choo. Kama sukari ya asubuhi iko pale kliniki wanapotaka, achaneni nacho. Kama anaharisha sana na kinachotoka ni kigumu na kikavu ndani, hilo mkamwambie daktari.

Na ukikisaga ukakichanganya kwenye uji, umechana wavu. Dozi iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi inamwagika yote kwa mara moja: kichefuchefu, kuhara, na baadaye usiku hana kinga. Kama tatizo ni kumeza kwa sababu kidonge ni kikubwa, semeni kliniki. Kuna metformin ya kawaida isiyo na jeli, wakati mwingine hata ya maji.

Huyu wa jeli ya insulini amesikia kitu cha kweli akakisikia vibaya. Zipo dawa halisi zinazotolewa na haidrojeli. Kuna kipande bapa chenye kamba kinachowekwa ukeni kuanzisha uchungu kwa mjamzito, kina miligramu 10 za dinoproston na kinazitoa kama 0.3 kwa saa. Mkunga akitaka kusitisha anavuta kamba tu. Kulikuwa pia na kijiti cha dawa ya histrelini kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mkono, miligramu 50, kikitoa dawa mwaka mzima kwa wenye saratani ya tezi dume. Hata kwa vidonda vya kisukari, Marekani iliidhinisha mwaka 1997 jeli yenye kichochezi cha ukuaji wa nyama, bekaplemini, lakini ni ghali na haikuleta mapinduzi yaliyotarajiwa.

Insulini ni kesi ngumu. Molekuli yake ni nzito kama mara 45 ya metformin. Ngozi yako imeumbwa kuzuia vitu vikubwa namna hiyo visipenye, na tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Watafiti wanatengeneza jeli zinazotanuka sukari ikipanda, matundu yanafunguka, insulini inatoka. Sukari ikishuka, zinafunga. Ni kazi nzuri, naifuatilia kwa hamu. Iko maabara na kwa wanyama wa majaribio, haiko kwenye duka la dawa la mtaani kwenu. Na nina sababu ya kulisisitiza hili. Maambukizi ya kidonda hupandisha sukari, na inawezekana kabisa kliniki ikamshauri baba atumie insulini ya sindano kwa muda mpaka mguu upone. Akishauriwa hivyo, asikatae akisubiri jeli.

Mwisho, lini muondoke nyumbani. Leo hiihii, bila kungoja siku ya kliniki, kama wekundu umesambaa zaidi ya sentimita mbili kuzunguka kidonda, mguu umevimba na una joto kuliko mwenzake, kuna usaha au harufu isiyoondoka kwa kuosha, anatetemeka au ana homa, sukari imepaa ghafla bila sababu, kidole kimebadilika rangi kuwa cheusi au cha buluu, mguu umekuwa wa baridi, au unapofuta kidonda unagusa kitu kigumu kama jiwe. Kigumu hicho huenda ni mfupa.

Hata kama hayo yote hayapo, kidonda cha miezi miwili kinahitaji mtu wa kukishika kwa mikono. Ombeni apapase mapigo ya damu juu ya unyayo, aondoe sugu iliyozunguka kingo, apime kina, na ikibidi mguu upigwe picha ya eksirei. Ninyi pimeni nyumbani: kila Ijumaa, baada ya kukiosha, piga picha kwa simu ukiwa umeweka rula pembeni, taa ileile, umbali uleule. Baada ya wiki nne za jeli na mguu uliopumzishwa, eneo la kidonda linapaswa kuwa limepungua karibu nusu. Lisipopungua, kuna kitu hakijaonekana: damu, mfupa, au baba anatembea mkiwa mmelala. Msiongeze jeli. Rudini.

Siku ya kwenda, mbebeeni viatu vyote anavyovaa, pamoja na zile kandambili za msalani. Nesi atataka kuingiza mkono ndani yake na kupapasa. Na mjomba aende naye, akaulize mwenyewe.